Mzigo na Mlima: Utulivu wa Moyo Ujanani, Umri wa Makamo na Uzeeni

Asubuhi moja, kabla ya saa kumi na mbili, nilisimama karibu na Soko la Wakulima, lile ambalo Nairobi nzima huliita Marikiti, nikamtazama kijana akipakia viazi kwenye mkokoteni. Mkokoteni una ekseli moja na magurudumu mawili, kwa hiyo kila gunia lina mahali pake. Alipolaza la nne upande wa nyuma, mikono ya mkokoteni ikanyanyuka hewani. Hakulishusha. Alipanda juu, akalikokota mbele kiasi cha shubiri mbili, akashuka, akainua mikono kupima, akatikisa kichwa, akarudi kulisogeza tena. Kisha akainama kukagua kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa misumari chini ya mkia. Hiyo ndiyo breki yake: akiinua mikono juu, mkia hukwaruza lami. Nikamuuliza mbona anahangaika hivyo na mzigo umeshakaa. Akanijibu huku akikaza kamba, "Mama, ukipanda mlima mzigo unakuvuta nyuma, ukiteremka unakusukuma mgongo. Lazima ujue unaenda wapi ndio ujue utaupanga vipi."

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani Umoja. Mdogo wetu ana miaka 26, mkubwa wetu ana 71. Kwa miaka mingi nimewasikia wote wakilalamika kwa neno moja, stresi, na wote wakipewa dawa moja: pumzika, omba, fanya mazoezi, zungumza na mtu. Ushauri huo si mbaya. Kasoro yake ni kwamba unamchukulia mtu mzima kama kitu kimoja tangu anapopata kitambulisho hadi anapozikwa. Wa miaka 26 anapanda, wa 47 yuko katikati ya mpando na mzigo wa watu wengine mgongoni, wa 71 anateremka. Kila mmoja atauporomosha mzigo wake akiupanga kama mwenzake.

Kwanza tuelewane kuhusu utulivu wenyewe. Mtu aliyetulia kihisia hukasirika na hulia. Aliyefiwa na mamaye Jumatatu, kisha Jumanne akaonekana sokoni akicheka kana kwamba hakuna lililotokea, majirani watamhofia, na wana haki. Hisia ni habari. Hofu huarifu kuna hatari, hasira kwamba mpaka umevukwa, huzuni kwamba kuna kilichopotea. Utulivu ni pale habari hiyo inapofika kwa kiasi chake, ikakaa muda wake, ikakuachia nguvu za kuamka kesho yake. Ikija kubwa kuliko jambo lenyewe, ikikataa kuondoka, au isipokuja kabisa, hapo mizani imeyumba.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, ambayo hupiga kengele ya hatari kabla hata hujafikiri. Nyuma ya paji la uso kuna gamba la mbele la ubongo, ambalo husikiliza kengele na kuamua kama ni moto kweli au ni moshi wa jirani anayechoma nyama. Gamba hili huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na kukosa usingizi hulidhoofisha katika umri wowote. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira na hofu huku wakipigwa picha za ubongo. Walipotakiwa kuchagua neno la kutaja hisia ile, kengele ya amigdala ilitulia kuliko walipopewa kazi nyingine juu ya nyuso zilezile. Kwa hiyo kuipa hisia jina lake ni kazi ya ubongo inayotuliza.

Na sisi tuna majina! Huzuni si sawa na simanzi wala jitimai. Kihoro ni uchungu wa aliyepoteza mtu au kitu alichokipenda. Ukiwa ni upweke wa mahali palipohamwa na watu. Fadhaa ni moyo uliovurugika usijue pa kutua. Kinyongo ni hasira iliyofichwa ikachacha. Soni ni ile aibu inayokufanya utazame chini. Tunayo yote haya, halafu tunayatupa kwenye gunia moja la stresi na kulifunga kwa kamba ya jikaze. Jikaze kisabuni, tunaambiana, mwanamume kwa mwanamke. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford amechunguza jambo hili tangu miaka ya tisini. Watu walioambiwa wafiche hisia zao wakitazama filamu ya kuchukiza walifanikiwa kutuliza uso, lakini chukizo lenyewe ndani yao halikupungua, na miili yao ilionyesha kukazana zaidi. Kumbukumbu nayo hudhoofika, kwa sababu kujikaza ni kazi inayokula akili. Kinachosaidia zaidi ni kuligeuza jambo na kulitazama upande mwingine mapema, kabla halijafura. Nasisitiza mapema, kwa maana mtu ambaye tayari anatetemeka kwa hasira hawezi kuambiwa "hebu lione hivi" akasikia.

Sasa twende kwa umri wenyewe. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 260, inamtambua kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na ambaye hajafika 35. Hiyo ni safari ndefu ya kuitwa kijana. Mwanasaikolojia wa Marekani Jeffrey Arnett alipendekeza mwaka 2000 kwamba kati ya miaka 18 na 25 kuna hatua ya pekee, ambapo mtu si mtoto tena na bado hajajiona mtu mzima. Huko kwao ni kipindi cha kujaribu mambo. Hapa kwetu mara nyingi ni kipindi cha kungoja. Mwanaanthropolojia wa Msumbiji, Alcinda Honwana, ameandika juu ya ujana huu wa kusubiri barani Afrika: mtu ana umri wa kuoa, ana cheti, ana nguvu, ila hana kazi ya kumvusha upande wa pili.

Mtoto wa dada yangu alikaa hivyo mwaka mzima kwenye bedsita huko Zimmerman. Tulimchinjia mbuzi alipohitimu, na nadhani yule mbuzi alimlemea. Ilifika mahali akaacha kupokea simu za mamaye kwa sababu kila simu ilianza na "Umepata?" Dada yangu akadhani mtoto amekuwa na kiburi. Nilipomtembelea nilikuta kitanda kimetandikwa vizuri, shati la mahojiano limening'inia ukutani likiwa limepigwa pasi, na yeye hajatoka nje siku tatu. Alichokuwa nacho kilikuwa soni. Ukiitibu soni kama uvivu, unaizidisha. Dada yangu alibadilisha swali likawa "Umekula?", na baada ya wiki mbili kijana akaanza kupiga simu mwenyewe.

Mzigo wa ujanani hukaa mbele, kwenye mambo ambayo hayajatokea, ndiyo maana hisia yake kubwa ni wasiwasi. Umri huu si wa kupuuzwa hata kidogo: utafiti wa Ronald Kessler na wenzake nchini Marekani, uliotoka 2005, ulionyesha kwamba robo tatu ya watu wanaopata maradhi ya akili maishani huwa yameshaanza wakiwa na miaka 24. Mwanasaikolojia Erik Erikson naye aliiona kazi kuu ya hatua hii kuwa ni kujenga ukaribu wa kweli na watu, la sivyo mtu huzama katika upweke. Kijana mwenye marafiki elfu mtandaoni na asiye na hata mmoja wa kumgongea mlango akiugua, kazi hiyo bado hajaianza.

Na kuna vijana waliokwisha kuwa mama. Kulia-lia siku za kwanza baada ya kujifungua ni jambo la kawaida na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Linaloendelea baada ya hapo ni jingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa unyogovu, ile huzuni nzito isiyoondoka. Mtoto hupelekwa kliniki, akapimwa uzito, akadungwa sindano, akasifiwa mashavu. Mama aliyembeba anarudi naye nyumbani bila mtu kumuuliza analala vipi. Hili huniuma kila ninapoliwaza.

Umri wa makamo ndio nilio nao, basi niwieni radhi nikikaa hapa kidogo. Msemo wa mgogoro wa umri wa makamo ulianzishwa 1965 na Elliott Jaques, mtaalamu mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa akichunguza maisha ya wasanii mashuhuri. Watu wakauchukua wakaufanya sheria, kana kwamba kila mtu akifika arobaini lazima apagawe. Baadaye, mwaka 2008, wachumi David Blanchflower na Andrew Oswald walichapisha takwimu za nchi nyingi zikionyesha kuridhika na maisha kunavyoshuka hadi katikati ya miaka ya arobaini, kisha kupanda tena, kama umbo la bakuli. Lakini bakuli hilo si la ulimwengu mzima. Andrew Steptoe, Angus Deaton na Arthur Stone walionyesha mwaka 2015 kwamba linaonekana wazi katika nchi tajiri zinazozungumza Kiingereza, huku Afrika kusini mwa Sahara kuridhika kukiwa chini na kutobadilika sana kutoka umri hadi umri. Maana yake ni kubwa. Kama miaka ya arobaini inalemea, si kalenda inayolemea. Ni kile ulichobebeshwa.

Na Nairobi tunabebeshwa. Januari hufika na karo ya watoto wawili au watatu. Mzazi kule ushago anaanza presha au sukari. Kundi la harambee linafunguliwa kwenye WhatsApp usiku, na asubuhi unaona majina ya waliotoa na kiasi chao, jina lako halipo. Kazini wewe ndiwe unayetegemewa, kanisani au msikitini vilevile. Kila mmoja wa hawa anaona kipande chake tu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndugu zako wanaokuambia "wewe uko Nairobi, huwezi kukosa" wanaliona kanda hilohilo.

Mwenzetu mmoja chamani, wa miaka 47, alikuwa akiamka usiku moyo ukimdunda, akadhani ni ugonjwa wa moyo. Vipimo vya moyo vikatoka safi. Siku moja alifungua daftari la mwanawe lenye kurasa zilizobaki akachora mstari katikati. Upande mmoja aliandika "yangu", upande wa pili "ya kusaidia". Alitumia kalamu ya risasi, kwa sababu alijua atafuta. Kitanda cha mamaye hospitalini kilikuwa upande wa kwanza, na alikaa nacho jioni nzima, akakifuta, akakiandika upya: "yetu, wanne." Jumapili iliyofuata aliwapigia kaka zake watatu, mmoja baada ya mwingine, akawatajia hesabu. Wawili walikubali. Mmoja alikasirika na hajarudi kuongea naye vizuri hadi leo. Anaumia kwa hilo, na amelipa jina, anasema ni kihoro cha kaka aliye hai. Lakini analala. Nimeona wengi wakiambiwa wapunguze mzigo, na katika umri huu si rahisi: mama hashushwi njiani wala mtoto hatolewi shule. Kusogeza gunia inawezekana.

Mwili nao hubadilika wakati huohuo. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na miaka inayotangulia huja na joto la ghafla, usingizi uliokatika-katika na hasira za karibu. Wengi hudhani wanarukwa na akili kwa sababu mama zao hawakuwasimulia. Wanaume huificha huzuni yao mahali pengine. Hutoka ikiwa ukali, au ikiwa chupa, au ikiwa kuchelewa kurudi kila siku hata siku isiyo na kazi. Mke anapigana na ule ukali, watoto wanaukimbia, na huzuni iliyo chini yake haiguswi na mtu.

Uzeeni kuna habari ambayo iliponifikia mara ya kwanza sikuiamini. Laura Carstensen wa Stanford ameonyesha kwa miongo kadhaa kwamba watu wanapozeeka, kwa wastani, hisia mbaya hupungua, nao huzidi kuyakazia macho mazuri. Sababu anayoitoa ni hii: mtu akihisi muda uliobaki ni mfupi, huacha kukusanya, akachagua. Hubakiza watu wachache wenye maana kwake na mambo machache yenye ladha. Kwa hiyo bibi anayekataa harusi ya watu asiowajua akaketi na jirani yake mmoja kumenya maharagwe hajanuna. Anapanga mzigo wa mteremko.

Faida hiyo lakini haijengwi juu ya hewa. Mtaalamu Susan Charles ameeleza kwamba wazee huzimudu hisia zao vizuri kwa kukwepa mizozo mapema, ila dhiki ikiwa ya kudumu na isiyokwepeka, mwili wa uzeeni huchelewa kutulia kuliko wa kijana. Mzee anayedaiwa kodi ya nyumba kila mwezi, au anayelea wajukuu yatima kwa shilingi 2,000 za Inua Jamii, fedha za serikali za kuwasaidia wazee na wanyonge, hatulizwi na umri. Kustaafu nako kuna jeraha lake. Tangu 2009 mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60 badala ya 55. Jumatatu ya kwanza, yule aliyepanda matatu ya saa kumi na mbili kwa miaka thelathini huamka saa kumi na moja, akavaa, akakaa kwenye kochi na viatu miguuni.

Unyogovu wa mzee hujificha vizuri kuliko wote, kwa sababu tumeshampangia huzuni kama sehemu ya umri. Huenda asiseme ana huzuni. Atasema mgongo, kichwa, tumbo, chakula hakina ladha, nimesahau nilikoweka funguo. Baadhi ya dawa, tezi ya shingo iliyolegea, au masikio yaliyopungua nguvu mpaka mazungumzo yakampita, vyote vinaweza kumzamisha, na vyote vinatibika au kupunguzwa. Ukisema "ni uzee tu" umemfungia mlango uliokuwa wazi.

Basi ni wakati gani mambo yamevuka mpaka yakawa ugonjwa? Madaktari hutazama muda, kina na utendaji. Huzuni au kukosa hamu ya yale uliyoyapenda, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi au hamu ya chakula kuharibika, uchovu, kujiona hufai, kushindwa kufikiri, au mawazo ya kifo. Hapo hakuna kupanga gunia upya peke yako. Na mawazo ya kujiua hayasubiri wiki mbili, hata saa mbili. Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya bure 1199 yenye washauri. Kituo cha afya kilicho karibu ni mahali pa kuanzia, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukuelekeza.

Najua kinachowazuia wengi. Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko kando ya Barabara ya Thika, imekuwepo tangu 1910, na kwa miaka mingi jina lake limetumika mitaani kama tusi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini sheria yenyewe ilikuwa ikitufundisha kuficha: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Jopo lililoongozwa na daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa, sheria ya afya ya akili ikarekebishwa 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikakitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Ningependa kila mzazi Nairobi ajue hilo. Mtoto wako hatafungwa kwa kuumwa.

Zimbabwe walipata njia iliyonifikirisha kuhusu chama chetu. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, akiwa na uhaba wa wataalamu, aliwafunza mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi na watu kwenye benchi na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Kwa Kishona wanaita ugonjwa ule kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na kila Mswahili anaijua hali hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliosaidiwa kwa njia hiyo ya benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mabibi! Watu ambao umri umeshawafunza kuchagua, wakiwapa nafasi wale ambao umri unawasukuma kukusanya.

Mwezi uliopita, mkutano wa chama ulipofika kwenye "mengineyo", Shosho wetu wa miaka 71 alisema kabla hatujafunga anataka kila mtu aseme mzigo wake umekaa wapi. Tulizunguka. Karo, goti, kaka, kodi. Ikafika kwa mdogo wetu, aliyekuwa amempakata mtoto wa miezi mitano. Alikaa kimya mpaka nikataka kumvukisha. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Sijalala vizuri tangu azaliwe. Hata yeye akilala, mimi naamka saa tisa."

Nilifungua mdomo kumshauri. Shosho akanigusa mkono. Akamuuliza yule binti, "Saa tisa ukiamka, unawaza nini?"

Nikafunga daftari la mahesabu. Jumatatu asubuhi walipanda matatu pamoja kwenda hospitalini, binti amekaa dirishani na kadi ya kliniki mkononi, mtoto amelala kifuani kwa Shosho.